Vijana walioacha mradi hawamo kwenye takwimu zangu: nifanye nini kabla ya kukabidhi ripoti?

Mtafiti Huru

Wanajukwaa, salaam.

Ninaomba ushauri wenu katika jambo linaloninyima usingizi, na mtanisamehe nikilieleza kwa urefu, kwa kuwa ugumu wake umo katika undani. Ninafanya utafiti wa kijamii na kazi za ushauri elekezi, na kwa sasa ninakamilisha tathmini ya mradi wa miaka miwili uliowalenga vijana wa umri wa miaka 15 hadi 19 walioonekana kuwa katika hatari ya kuishia njiani kimasomo. Kila kijana alipangiwa mlezi wa kumshauri, akapata masomo ya ziada na mafunzo mafupi ya kujiandaa kwa ajira. Hadidu za rejea, yaani maelekezo ya kazi niliyopewa, zinanitaka nieleze ni kwa kiasi gani mradi umebadilisha fursa za maisha za vijana hao, na mfadhili anatarajia asilimia moja iliyo wazi, itakayowekwa kwenye ukurasa wa kwanza wa ripoti.

Tatizo ni kwamba zaidi ya theluthi moja ya vijana walioandikishwa mwanzoni hawapatikani. Namba zao za simu ama hazipo hewani ama zinapokelewa na watu wengine, na walezi wao wanasema tu kwamba waliacha kuja. Wale tuliowapata wana hali nzuri. Wengi bado wanasoma au wanafanya kazi, na wanausifu mradi kwa maneno yanayogusa moyo. Meneja wa mradi, ambaye ninaamini anawapenda vijana hawa kwa dhati, ananishauri niandike juu ya waliopatikana, kwa hoja kwamba hatuwezi kumtathmini mtu asiyekuwepo.

Nilikuwa karibu kukubali. Kisha msaidizi wangu, katika kusafisha takwimu, akaipaka rangi ya kijivu kila safu ya kijana ambaye hakupatikana, halafu akalipanga jedwali kwa alama za mtihani wa awali, kuanzia za juu hadi za chini. Kijivu hakikusambaa. Sehemu ya juu ya jedwali ilikuwa na mistari michache tu, na kadiri tulivyoshuka ndivyo kilivyoongezeka, hadi kurasa mbili za mwisho zikawa karibu zote za kijivu, na majina mengi humo yakiwa ya wasichana waliozidi miaka 17. Tulikaa kimya kwa muda tukitazama ile skrini.

Je, ninaweza kutoa asilimia yoyote ya haki kutokana na waliobaki? Na kama sivyo, ninamwelezaje mfadhili, ilhali zimebaki wiki tano na fedha za uwandani zimekaribia kwisha?

Mwanatathmini

Ndugu Mtafiti Huru, umefanya jambo ambalo wengi hatulifanyi: umewatazama wasiokuwepo kabla ya kuwahesabu waliopo. Jedwali lako limekwisha kukujibu swali la kwanza. Kama wasiopatikana wangefanana na waliopatikana kwa alama, jinsia na umri, ungeweza kusema kwa tahadhari kwamba waliobaki wanawawakilisha wote. Hawafanani. Kwa hiyo asilimia itakayotokana na waliobaki itakuwa sifa ya kubaki mradini, wala haitakuwa sifa ya mradi wenyewe.

Hata hivyo usiache ukurasa wa kwanza mtupu, kwa sababu atakayeujaza ni mtu mwingine. Toa kiwango cha chini na kiwango cha juu. Chukua mfano wa vijana 100 walioandikishwa, 60 wakapatikana, na kati ya hao 45 wako shuleni au kazini. Meneja ataandika asilimia 75, kwa kuwa 45 ni robo tatu ya 60. Sasa wachukulie wale 40 wasiopatikana kuwa wote wako nje ya shule na kazi: umebaki na 45 kati ya 100. Wachukulie kuwa wote wamefanikiwa: umefika 85. Ukweli uko mahali fulani kati ya asilimia 45 na 85, na upana huo ndio kipimo cha kile ambacho bado hatukijui. Mfadhili makini akiuona atauliza itagharimu kiasi gani kuupunguza, na hapo umepata hoja ya kuomba nyongeza ya siku za uwandani.

Kuhusu sifa ambazo vijana wanaumwagia mradi, ninaomba nikukumbushe utafiti mmoja ambao kila anayefanya kazi hii angepaswa kuufahamu. Katika miji ya Cambridge na Somerville, jimboni Massachusetts, Marekani, daktari Richard Clarke Cabot alianzisha mpango wa kuwasaidia wavulana wasiingie katika uhalifu. Wavulana 506 walipangwa wawiliwawili kwa kufanana kwao, kisha katika kila jozi mmoja akachaguliwa kwa bahati nasibu apate msaada na mwenzake abaki katika kundi linganishi. Kati ya mwaka 1939 na 1945 waliosaidiwa walitembelewa nyumbani na washauri, wakapata masomo ya ziada, matibabu na kambi za mapumziko. Ukiusoma mpango huo leo utautamani.

Miaka 30 hivi baadaye mtafiti Joan McCord aliwatafuta wanaume hao, akawapata karibu wote, na mwaka 1978 akachapisha alichokiona. Wengi wa waliosaidiwa walisema kwamba mpango uliwafaa, na baadhi yao walikuwa bado wanawakumbuka washauri wao kwa upendo. Lakini walipolinganishwa na wenzao wa kila jozi, waliosaidiwa ndio waliokuwa na hali mbaya zaidi katika mambo kadhaa: kurudia makosa ya jinai, dalili za ulevi, kufariki mapema. Kama pasingekuwa na kundi linganishi, na kama mama huyo asingehangaika kuwatafuta watu miaka yote hiyo, tungebaki na barua za shukrani tu. Sisemi kwamba mradi wako umewadhuru vijana. Ninachosema ni kwamba shukrani ya kijana ni ushahidi wa jinsi alivyopokelewa, na jinsi maisha yake yalivyokwenda ni swali jingine linalohitaji ushahidi wake.

Mdodosaji wa Zamani

Ninaunga mkono aliyotangulia kusema Mwanatathmini, ila mimi nitajikita uwandani, kwa sababu nimekuwa mdodosaji kwa miaka mingi na ninaamini kwamba vijana unaowaita "hawapatikani" hawajatafutwa ipasavyo. Usikasirike, ndugu yangu. Simu tatu zilizopigwa saa nne asubuhi siku ya kazi si kutafuta. Kijana aliyeacha shule saa hiyo yuko kwenye kibarua na simu yake imezimwa, au simu si yake, ni ya dada yake.

Piga jioni na mwisho wa wiki. Tuma ujumbe mfupi unaoeleza wewe ni nani kabla ya kupiga, kwa maana watu wengi hawapokei namba wasiyoijua. Rudi kwenye fomu za uandikishaji utafute jina la mzazi, jirani, au rafiki aliyeandikwa kama mtu wa dharura. Kisha waulize vijana uliowapata, kwa adabu na bila kuwaeleza lolote kuhusu wenzao, kama wanaweza kufikisha ujumbe kwamba unawatafuta. Usiombe namba ya mwenzao, acha mwenyewe akupigie. Njia hii ya mwisho ndiyo iliyonipatia watu wengi kuliko zote.

Na usijaribu kuwatafuta wote kwa wiki tano. Wachague kwa bahati nasibu 30 kati ya wale wa kijivu, uweke nguvu zote kwao hadi uwapate walio wengi. Thelathini waliochaguliwa kwa haki na kutafutwa kwa bidii watakufundisha zaidi ya mia moja waliopatikana kwa urahisi. Mtu akikosa nafasi ya kujibu dodoso zima, awe na maswali manne tu ya kujibu kwa simu: unasoma, unafanya kazi, unaishi na nani, na kwa nini uliacha kuja.

Kuhusu swali hilo la mwisho nina kumbukumbu isiyonitoka. Katika mradi unaofanana na wako nilimtafuta msichana mmoja kwa siku kadhaa, hatimaye nikamkuta nyumbani amempakata mtoto mchanga. Alinikaribisha, akaniletea kiti, akabaki amesimama. Nilipomwambia kwamba nimetoka kwenye mradi aliinamisha uso, akasema, "Nilidhani mnawatafuta waliofanikiwa." Aliacha kuja kwa sababu masomo yalianza saa kumi na moja jioni na yeye hakuruhusiwa kutembea gizani akirudi. Mimba ilikuja baadaye, miezi mingi baada ya kuacha. Katika kumbukumbu za mradi ameandikwa "aliacha kwa sababu ya ujauzito". Sababu iliyoandikwa haikuwa sababu, na saa ya masomo, kitu ambacho mradi ungeweza kukibadilisha ndani ya wiki moja, haikuonekana popote.

Ndiyo maana ninaziheshimu sana tafiti zinazowafuata watoto mahali walipo. Upimaji wa ASER wa stadi za watoto za kusoma na kuhesabu nchini India, ulioanza mwaka 2005, na ule wa Uwezo katika Kenya, Tanzania na Uganda, ulioanza mwaka 2009, ulikwenda majumbani kwa sababu hiyohiyo: ukipima shuleni, unawapima waliofika shuleni. Nao utafiti wa Young Lives umewafuatilia watoto wapatao 12,000 wa Ethiopia, India, Peru na Vietnam tangu mwaka 2002, na hata ugonjwa wa korona ulipozuia kutembelea nyumba mwaka 2020 waliendelea kwa simu. Waliweza kwa sababu walikuwa wamejenga uhusiano na familia na kuzisasisha namba kati ya awamu na awamu. Mradi wako haukufanya hivyo, na hilo nalo liandikwe kwenye mapendekezo.

Bi Nuru

Nitaongea kama mtu aliyewahi kukaa upande wa pili wa meza. Kwa miaka kadhaa kazi yangu ilikuwa kuandika hadidu za rejea na kupokea ripoti kama hii, na nakiri kwamba sentensi ile ya "kubadilisha fursa za maisha" huandikwa na watu wenye nia njema wasiojua wanaomba nini.

Fursa za maisha hazionekani kwa miaka miwili. Katika mji wa Ypsilanti, jimboni Michigan, kati ya mwaka 1962 na 1967 watoto 123 wa familia maskini za Wamarekani weusi waligawanywa kwa bahati nasibu. 58 wakapata elimu ya awali ya kiwango cha juu katika mpango wa Perry, na 65 hawakuipata. Alama za akili za waliosoma zilipanda haraka, kisha tofauti ikafifia walipoendelea na shule ya msingi. Mtathmini ambaye angekabidhi ripoti wakati huo angeandika kwamba mpango umeshindwa. Walipofuatiliwa hadi umri wa miaka 40, waliosoma walikuwa mbele ya wenzao katika kumaliza sekondari, kuwa na ajira na kipato, na walikuwa wamekamatwa na polisi mara chache zaidi. Kundi lilikuwa dogo na mjadala juu yake haujaisha, lakini ukiuweka kando ya utafiti aliousimulia Mwanatathmini unaona kwamba matokeo ya karibu yanaweza kudanganya kwa pande zote mbili.

Kwa hiyo usikubali maneno ya mkataba kama yalivyo. Mwandikie mfadhili mapema, kabla ya rasimu, umwambie kwamba utajibu maswali ambayo miaka miwili inaweza kuyajibu: nani alibaki, nani aliondoka na kwa nini, hali ya masomo na kazi ya kila kundi ikoje leo, na mradi ulihusikaje. Ripoti ikifika na mshangao, mpokeaji hujitetea. Akijulishwa wiki nne kabla, huwa mshirika. Mimi mwenyewe niliwahi kuirudisha ripoti ya kweli kwa sababu tu ilinikuta sina la kuwaambia wakubwa wangu, na ninajutia jambo hilo hadi leo, kwani mradi uliendelea miaka mingine miwili ukiwapoteza vijana kwa namna ileile.

Kuna mtego mwingine ambao hukuutaja. Umesema vijana walichaguliwa kwa kuwa katika hatari ya kuishia njiani. Kama walichaguliwa kwa alama za chini za mtihani mmoja, sehemu ya kupanda kwao ingetokea hata bila mradi, kwa sababu baadhi yao siku ile walikuwa wagonjwa, wamefiwa, au wamekosa bahati tu, na mtihani uliofuata uliwarudisha karibu na kiwango chao cha kawaida. Francis Galton alilieleza jambo hili la kurudi kuelekea wastani mwaka 1886 alipolinganisha vimo vya wazazi na watoto wao, na hadi leo linavikwa sifa ya miradi. Ukiweza kupata alama za wanafunzi wengine waliokuwa na matokeo ya chini kama yao bila kuingia mradini, hata kwa idadi tu bila majina, utakuwa na cha kulinganishia.

La mwisho ni dogo: usiweke kila asiyesoma wala kufanya kazi katika kapu moja. Kipimo cha vijana wasio katika ajira, elimu wala mafunzo kimo katika Malengo ya Maendeleo Endelevu kwa umri wa miaka 15 hadi 24, na kina manufaa yake, lakini humo ndani wamo anayemuuguza mama yake, anayesubiri matokeo ya mtihani, mwenye mtoto mchanga na aliyekata tamaa kabisa. Kila mmoja wao anahitaji jambo tofauti.

Mlinzi wa Faragha

Samahani kwa kuingia na sauti tofauti. Nimesoma maoni yote na yananielimisha, lakini ninaona jambo moja linapitwa. Tunazungumza kana kwamba kila kijana aliyeondoka anadaiwa na mtafiti. Baadhi yao waliondoka kwa hiari, na kuondoka ni haki waliyoahidiwa siku walipotia saini fomu ya ridhaa. Mkataba wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989 unampa mtoto haki ya kusikilizwa katika kifungu cha 12, na kifungu cha 16 kinailinda faragha yake. Vijana wenu wa miaka 15 hadi 17 wamo ndani ya vifungu vyote viwili.

Fikirini mtu mgeni anakuja mlangoni akimuulizia msichana kwa jina, mbele ya mume, shemeji au mwenye nyumba, na kutaja mradi wa vijana walio katika hatari ya kuacha shule. Maneno hayo pekee yanaweza kumletea matatizo ambayo mtafiti hatakuwepo kuyaona. Nimeshuhudia kijana akipigwa na kaka yake kwa sababu watu wa utafiti walifika, na familia ikadhani amewasema nje.

Mdodosaji wa Zamani

Ndugu Mlinzi wa Faragha, umenikumbusha jambo nililopaswa kulisema mwanzoni, na ninalipokea. Tofauti iliyopo ni kati ya aliyesema "sitaki" na aliyepotea bila kuulizwa. Wa kwanza jina lake linafungwa, hatafutwi tena, na anahesabiwa hivyo kwenye ripoti. Wa pili hajakataa lolote. Mara nyingi hakuna aliyewahi kumuuliza. Kumwacha huyo kwa jina la faragha kunaweza kuwa njia ya kumsahau kwa heshima.

Ila mlangoni hatutaji mradi. Tunasema tunafanya utafiti wa maisha ya vijana, tunamwomba mhusika achague mahali na wakati, na akisema hapana mara moja tunaondoka. Barua ya utambulisho isiwe na neno "hatari" wala "walioacha". Mdodosaji wa wasichana awe mwanamke. Na kabla ya kumtuma mtu yeyote uwandani, kikundi kizima kijue kitafanya nini kijana akieleza kwamba anaumizwa: nani ataarifiwa, kijana mwenyewe ataambiwa nini, na ahadi gani haitatolewa. Kama maandalizi hayo hayapo, ninakubaliana nawe, ni bora kutokwenda.

Mtafiti Huru

Wanajukwaa, ninarudi baada ya siku tisa kuwapa mrejesho, nikianza na shukrani za dhati.

Nilimwandikia mfadhili siku ileile niliyosoma ujumbe wa Bi Nuru. Niliambatanisha jedwali la rangi ya kijivu likiwa halina majina, pamoja na kiwango cha chini na cha juu. Nilitarajia ukali. Ofisa anayehusika alinipigia simu, akauliza maswali kwa karibu saa nzima, kisha akakubali kuhamisha fedha zilizotengwa kwa ajili ya uzinduzi wa ripoti ziende uwandani. Meneja wa mradi alinyamaza sana kwenye kikao chetu, mwishowe akaomba aonyeshwe safu za mwisho, akaanza kuyasoma majina moja baada ya jingine kutoka kwenye orodha yake mwenyewe. Wanne kati yao alijua walipo. Hakuna aliyewahi kumuuliza.

Tumechagua 30 kwa bahati nasibu. Mlinzi wa Faragha, tumeiandika upya barua ya utambulisho kwa kufuata hofu yako, na vijana wawili waliomaliza mradi waliisoma kabla yetu, wakafuta neno "wanufaika" kwa sababu, walivyosema, linamfanya mtu ajione anadaiwa. Hadi jana jioni tulikuwa tumezungumza na 17, mmoja amekataa na jina lake limefungwa.

Matokeo siwezi kuyaeleza hapa kabla hayajafika kwa wenyewe, isipokuwa jambo moja ambalo tayari limepelekwa kwa mradi ili lishughulikiwe bila kusubiri ripoti. Tulipouliza kwa nini waliacha kuja, sita kati ya hao 17 walitaja muda wa masomo ya ziada. Nimempigia Mdodosaji wa Zamani kumweleza, naye akaniuliza yanaanza saa ngapi. Yanaanza saa kumi na moja na nusu jioni.